Seva ya Kwanza Nyumbani: Kupanga Data, Stima, Diski na Mashine Ukiwa Nairobi

Anayetaka seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima, mara nyingi huanzia dukani. Anapita Moi Avenue, anaona kompyuta za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) zimepangwa hadi dari, anauliza, "Boss, hii i7 ni ngapi?" na kabla ya jioni ana mashine isiyo na nafasi ya diski ya pili, inayokula tokeni usiku kucha. Mashine ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, na inafaa inunuliwe mwisho. Diski ndizo zitakazobeba kile unachokithamini, na stima ndiyo utakayoilipia kila mwezi.

Nachukulia kwamba mahitaji yako ni ya kawaida: picha za simu za familia zikae kwako (Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, na gigabaiti 15 za bure hazichukui muda kujaa), filamu zitazamwe kwenye TV, mafaili ya kazi yawe mahali pamoja, na pengine kamera mbili tatu za getini.

Hatua ya 1: Hesabu data, kisha uigawe mara mbili

Chukua karatasi. Andika kila simu, laptopu na flashi iliyoko nyumbani na ukubwa wa vitu vilivyomo. Picha ya simu huwa megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 3 hadi 5 tu. Kinachojaza diski ni video. iPhone ikirekodi 4K ya fremu 30 kwa HEVC, mfumo wa kubana video, hutumia takriban megabaiti 170 kwa dakika. Ukipewa na mpiga video faili la ruracio lililorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde, kila saa ni gigabaiti 22.5, sherehe ya saa sita ni 135.

Kamera za CCTV zina hesabu yake, na ndizo huwashangaza wengi. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde mchana na usiku huandika gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne kwa wiki mbili ni terabaiti 2.4. Kama kamera ziko kwenye mpango, zipe diski yake peke yake, zisije zikagombania nafasi na picha za watoto.

Sasa kadiria miaka minne mbele. Tuseme leo una gigabaiti 600 na unaongeza 20 kila mwezi. Baada ya miaka minne utakuwa na 1,560. Diski haipendezi ikijaa kupita asilimia 80, kwa hiyo unahitaji karibu terabaiti 2. Lakini kiwanda huhesabu terabaiti kwa elfu, ilhali mifumo mingi ya kompyuta huhesabu kwa 1,024, ndiyo maana diski ya 2 TB huonekana kama 1.8 na ya 4 TB kama 3.6. Mtu huyu anunue ya 4 TB.

Kabla ya kukunja karatasi, pitia orodha na uweke alama kwenye kila kitu ambacho kikipotea hakirudi: picha, video za familia, hati za shamba, mafaili ya wateja. Filamu na programu zinaweza kupakuliwa tena. Kundi lenye alama huwa dogo kuliko unavyodhani, pengine gigabaiti 300 kati ya hizo 600, na ndilo litakaloamua ukubwa wa diski za nakala ya akiba. Kuhifadhi filamu mara tatu ni kupoteza pesa.

Hatua ya 2: Hesabu stima

Seva haizimwi. Wati moja inayowaka mwezi mzima ni yuniti 0.72. Tumia shilingi 30 kwa yuniti kama makadirio ya mkononi, kisha badilisha kulingana na risiti yako ya tokeni.

Kompyuta ndogo ya kisasa, ikiwa haina kazi nzito, huvuta wati 10 hadi 15. Wati 15 ni yuniti 10.8 kwa mwezi, yaani shilingi 324. Seva ya zamani ya ofisini au workstation yenye prosesa ya Xeon, ile inayouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu kampuni fulani imehama, inaweza kuvuta wati 80 hata ikiwa imekaa tu. Hizo ni yuniti 57.6, shilingi 1,728. Tofauti kwa mwaka ni karibu shilingi 16,800. Ile bei ya kutupa inalipwa kwa awamu.

Kuna jambo jingine. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya umeme wa nyumbani ni ya anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kundi linalofuata huishia 100, na juu ya hapo bei hupanda tena. Mashine ya yuniti 57 inaweza kukuvusha kutoka kundi moja hadi jingine, na hapo hata pasi na jokofu vitalipiwa ghali zaidi.

Diski za inchi 3.5 huongeza wati 4 hadi 6 kila moja zikiwa zinazunguka. Mbili zinavumilika. Sita ni habari nyingine.

Hatua ya 3: Chagua diski

Hapa usibane shilingi.

Mfumo wa seva na hifadhidata za programu ziwekwe kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Gigabaiti 256 zinatosha. Programu kama Immich, inayopanga picha, husoma na kuandika vipande vidogo vidogo bila kukoma, na diski ya kuzunguka huifanya ijikokote. Mafaili makubwa yenyewe yaende kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu kwa ukubwa huohuo SSD bado ni ghali.

Diski za kuzunguka ziko za aina mbili. CMR huandika njia za data kando kwa kando. SMR huzipandanisha kama mabati ya paa ili data nyingi zaidi iingie, na kama fundi wa paa, ukitaka kubadilisha bati moja inabidi uguse na yanayofuata. Kwa kuhifadhi tu, SMR haina shida kubwa. Kwa RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja (tazama hatua ya 4), ni balaa, kwani diski mpya inapojazwa upya kasi huporomoka na mfumo unaweza kuihesabu kuwa imekufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeweka SMR ndani ya baadhi ya diski za WD Red, zinazouzwa kwa ajili ya NAS (visanduku vya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao), bila kuwaambia wateja. Baada ya kelele, zile za CMR zikaitwa Red Plus. Kwa hiyo usiamini rangi ya lebo. Soma namba kamili ya modeli na uitafute kwenye jedwali la kiwanda ukiwa bado umesimama dukani. Diski za inchi 2.5 za terabaiti 2 na zaidi, zikiwemo karibu zote zilizo ndani ya "external" za kubeba mkononi, kwa kawaida ni SMR.

Luthuli Avenue na maduka ya jirani yamejaa vifaa vya CCTV, na hilo lina faida kwako: diski za kamera kama WD Purple na Seagate SkyHawk hupatikana kirahisi kuliko za NAS. Zimeundwa kuwaka saa 24 na kuandika mfululizo. Kwa seva ya nyumbani zinafaa kabisa, na ni afadhali uchukue Purple yenye risiti na warantii kuliko diski ya NAS yenye hadithi ndefu.

Diski iliyotumika nayo si haramu. Lakini iulizwe maswali. Nenda na laptopu na kebo ya kubadilisha SATA kuwa USB, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, au, ukiwa na Linux, andika `smartctl -a` ikifuatwa na jina la diski. Angalia namba 5, 197 na 198, yaani sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana. Zote tatu ziwe sifuri. Namba 9 ni saa ambazo diski imewaka. 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Namba 199 ikiwa juu, mara nyingi kosa ni la kebo.

Ikiwa inaitwa "mpya" lakini bei inatia shaka, jua kwamba mapema mwaka 2025 iligunduliwa, hasa Ujerumani, kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zimefutwa rekodi za SMART, yaani zile namba za afya ya diski, na kuuzwa kama mpya. Seagate ina rekodi ya pili iitwayo FARM. Toleo la smartctl 7.4 na kuendelea huisoma kwa `smartctl -l farm`. Saa za SMART zikisema 3 na za FARM zikisema 20,000, mrudishie muuzaji diski yake kwa adabu.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka faili lolote, endesha jaribio refu la `smartctl -t long`. Kwa diski ya 4 TB huchukua saa nyingi, iache ilale nalo. Fanya hivyo hata kwa diski mpya, ukiwa bado ndani ya siku ambazo duka linakubali kubadilisha.

Hatua ya 4: Amua kama unahitaji RAID

RAID 1 ni diski mbili zinazoandikiwa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na familia haijui kilichotokea. Lakini mtoto akifuta folda ya picha, imefutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Kirusi kikifunga mafaili, kimefunga zote mbili. Mwizi akibeba mashine, amebeba zote mbili. RAID hulinda dhidi ya kifo cha diski na hakuna zaidi.

Ndiyo maana, kama pesa zako zinatosha diski mbili tu, msimamo wangu ni huu: usizifunge RAID. Moja iwe ya kazi, nyingine ya nakala inayochukuliwa kila usiku kwa programu kama restic au Borg, ambazo hukumbuka hali ya jana, ya juma lililopita na ya mwezi uliopita. Diski ya kazi ikifa, seva italala siku moja mbili hadi upite mjini. Nyumbani hilo si msiba. Ofisi yenye wafanyakazi ishirini ndiyo inayolia seva ikilala, na ndiyo RAID iliundiwa.

Ukiwa na diski tatu, sasa mbili ziwe RAID 1 na ya tatu iwe ya nakala. Zile mbili zinunue maduka tofauti au miezi tofauti, kwa sababu diski zilizotoka kiwandani pamoja hupenda kuugua pamoja. RAID 5, ile inayogawanya data kwenye diski tatu au zaidi, iache kwa sasa.

Kuhusu mfumo wa mafaili, yaani namna data inavyopangwa kwenye diski: ext4 ni rahisi na haina mbwembwe. ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, hivyo inaweza kugundua faili lililooza kimyakimya, na ikiwa na diski mbili hulitengeneza yenyewe. Ule usemi kwamba ZFS inataka gigabaiti moja ya RAM kwa kila terabaiti usikutishe. Kwa nyumba yenye 4 TB, RAM ya 8 GB inatosha. Ninachokukataza ni kuunganisha diski za RAID kwa USB. Kebo ikiguswa wakati wa kufagia, diski moja inatoweka na mfumo unaanza kulia.

Hatua ya 5: Sasa nenda ununue mashine

Kwa bei na matumizi ya stima, ni vigumu kuzishinda zile kompyuta ndogo za ofisini zinazoingia kama ex-UK: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Tafuta Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. i5-8500T ina koa sita na imewekewa kiwango cha wati 35. Kizazi cha 7 nacho kinafaa, na kina uwezo wa kubadilisha video za HEVC za biti 10 bila kuichosha prosesa, jambo muhimu kwa Jellyfin, programu ya kupeleka filamu kwenye TV. Kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kizazi hicho na Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, una sababu nzuri ya kuongea bei. Wewe utaweka Debian, aina ya Linux, na Debian haijali.

Udhaifu wa mashine hizi ni nafasi ya diski. Ndani kwa kawaida mna tundu moja la NVMe (la SSD ndogo nyembamba) na sehemu moja ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na diski za kuzunguka za ukubwa huo huishia 2 TB. Kama hesabu ya hatua ya kwanza ilikupeleka kwenye 4 TB, chukua umbo la SFF (kasha dogo la mezani) au tower. Mwambie muuzaji afungue kifuniko uone kwa macho yako nafasi za inchi 3.5 ni ngapi, kebo za SATA ziko, na waya za umeme zinatosha. Pawasaplai za Dell na HP zina viunganishi vyao vya pekee, kwa hiyo usitarajie kubadilisha kwa ile ya kawaida baadaye.

Ukiwa bado kaunta, washa mashine uingie kwenye BIOS, mipangilio yake ya msingi. Mashine za makampuni wakati mwingine huja zikiwa na nenosiri lililoachwa na wenyewe wa zamani. Ikikuuliza nenosiri, iache hapo hapo. Angalia pia adapta. Dell hutambua adapta yake, na ukiiwekea ya kuigiza hulalamika na kupunguza kasi ya prosesa. Plagi za Uingereza ni sawa na zetu, hilo halina tabu.

RAM ya 8 GB inatosha kuanzia, 16 ni raha. Modeli za Micro, Mini na Tiny hutumia RAM za laptopu, SFF na tower hutumia za kompyuta ya mezani. Vikompyuta vya Intel N100 navyo ni vizuri na havili stima, ila chunguza nafasi za diski vilevile. Raspberry Pi 4 siipendekezi kwa kazi hii: bandari zake zote za USB kwa pamoja hutoa ampea 1.2, na diski mbili za kubeba mkononi zinaweza kuishinda zinapoanza kuzunguka.

Hatua ya 6: Jilinde na stima

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, lakini adui wa seva yako ni yale makato mafupi ya kila siku: stima inapotea, inarudi, inapotea tena ndani ya dakika moja. Hapo ndipo hifadhidata huharibika, kwani SSD za kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika.

Nunua UPS, betri inayoshika stima ikikatika, ya 650 VA yenye kirekebisha volti. Jambo moja usilisahau: iwe na tundu la USB la mawasiliano. Nyingi za bei ya chini hazina, na UPS isiyoongea na seva itaizima ghafla betri ikiisha, yaani tatizo lilelile baada ya dakika kadhaa. Ikiwa na USB, programu ya NUT itaambiwa betri imebaki kidogo na kuizima seva kwa utaratibu.

Hesabu muda hivi. Betri ya ndani kwa kawaida ni volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Chukua nusu kama inayotumika kweli. Seva ya wati 15 pamoja na ruta na kisanduku cha faiba, wati 15 nyingine, ni 30. Utapata kama saa moja na kidogo betri ikiwa mpya. Ruta isiposhikwa na UPS, seva itawaka bila kufikiwa na mtu, kwa hiyo iweke hapo pia au uipe kile kijibetri cha volti 12 kinachouzwa kwa ajili ya WiFi.

Mtaa wenu ukiwa na volti zinazopanda na kushuka, weka gadi ya friji kati ya ukuta na UPS. Kisha kwenye BIOS iamuru mashine ijiwashe stima ikirudi. Dell huita mpangilio huo AC Recovery, HP huuita After Power Loss. Usipofanya hivyo, itakatika ukiwa ushago na kubaki imezimwa hadi urudi.

Hatua ya 7: Mtandao na mahali pa kukaa

Unganisha seva na ruta kwa kebo, Cat 5e inatosha. Gigabiti moja hukupa karibu megabaiti 110 kwa sekunde, na kwa mafaili madogo madogo diski ya kuzunguka ndiyo itakayochoka kwanza.

Kuifikia ukiwa nje, angalia anwani ambayo ruta yako imepewa na mtoa intaneti. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, unashiriki anwani ya nje na wateja wengine, na kufungua bandari kwenye ruta hakutafanya kazi. Tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti. Kusema kweli itumie hata kama una anwani yako, ni salama zaidi.

Mahali: rafu yenye hewa, mbali na jiko na dirisha la upande wa barabara ya vumbi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na diski za kawaida hukubali hadi kama mita 3,000, kwa hiyo urefu wetu hauna neno. Ila hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, basi usiifungie seva kabatini ukijisifu kwamba Julai kuna baridi.

Hatua ya 8: Nakala moja itoke nje ya nyumba

Lile kundi ulilolitia alama kwenye karatasi lazima liwe pia mahali pengine. Kupandisha terabaiti moja kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa mfululizo, lakini gigabaiti 300 ni chini ya siku tatu, na baada ya hapo huenda mabadiliko tu. Ukiwa na laini nzuri, restic ikitumia hifadhi ya mtandaoni kama Backblaze B2 itakufaa.

Njia ya pili ni ya kizamani na ninaipenda zaidi: diski ya USB inayokaa kwa mama mkwe Nakuru au kwa shangazi Thika, ukienda sikukuu unabadilishana na nyingine. Ifunge kwa LUKS, kufuli ya Linux inayosimba diski nzima kwa nenosiri, kabla ya kuitoa. Diski za data za nyumbani nazo zifunge, maana wezi wapo, lakini acha SSD ya mfumo wazi ili seva iweze kuwaka yenyewe baada ya stima kurudi, kisha wewe ufungue diski ya data kwa SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, popote ulipo. Nenosiri liandikwe pia kwenye karatasi, likae na hati nyingine za nyumba. Na kama unahifadhi picha au taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Msamaha unaoweza kukufaa ni ule wa mambo ya binafsi na ya nyumbani peke yake.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuiamini

Weka data ya majaribio, si ya kweli. Chomoa UPS ukutani uone kama seva inajizima kwa utaratibu na kujiwasha tena ukirudisha. Pima wati kwa mita ya plagi ulinganishe na hesabu yako. Kisha futa folda moja kwa makusudi na uirudishe kutoka kwenye nakala, ukitumia laptopu nyingine na lile nenosiri la kwenye karatasi. Ikirudi faili kwa faili, anza kuhamisha picha. Hadi hapo, usifute kitu kwenye simu ya mtu yeyote.